Kitanzi Badala ya Kulabu

Kulabu ilikuwa imekunjika kidogo tu. Binamu yangu aliigeuzageuza, akaiweka juu ya jiwe, akaipiga nyundo mara mbili, kisha akaiacha. "Chuma kikishakunjwa, hata ukikinyoosha si kile tena," alisema. Akachukua spana, akafungua skrubu, kulabu ikadondoka mchangani.

Tulikuwa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, mwezi wa Julai, kusi limeshika kweli. Mimi nilikuwa nimekuja likizo na kompyuta iliyojaa hati za hataza za Ulaya na Marekani, maana nasoma shahada ya pili ya historia na nilikuwa nikitafuta namna ya kuandika juu ya vifaa vya upepo. Yeye alikuwa na hanesi aliyouziwa kwa bei ya kutupa na mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Alitaka kuitoa kulabu na kuweka kamba. Nilimuuliza kwa nini asitafute kulabu nyingine. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto wa mjini, akaniambia nikae nione.

Kwa asiyeujua mchezo huu, nieleze. Hanesi ni mkanda mpana unaofungwa kiunoni. Mbele yake pana upau wa chuma, na katikati ya upau pana kulabu. Mchezaji anasimama juu ya ubao, kishada kiko angani mbele yake, na mikononi ameshika fimbo inayoongoza nyuzi za kishada. Lakini uzito wa upepo hauishii mikononi. Chini ya fimbo kuna kitanzi, kitanzi kimevikwa kwenye kulabu, na kulabu inavuta kiuno. Mikono inaongoza, mwili unabeba. Bila mpango huo hakuna mtu angedumu majini zaidi ya dakika chache. Waingereza wanakiita kitanzi hicho kitanzi cha kuku, na kuku kwao ni mwoga.

Shida ya kulabu ni kwamba imekaa mahali pamoja. Ukiwa kwenye mawimbi na ubao wa kuteleza, unageuka mara kulia, mara kushoto, na kishada kinahama upande wa pili wa anga. Kiuno kinaelekea huku, kulabu inavutwa kule, na hanesi nzima inazunguka na kupanda hadi kwenye mbavu. Ukifunga kamba kutoka ncha moja ya upau hadi nyingine, kitanzi cha fimbo kinapita juu ya kamba hiyo na kuteleza chenyewe kushoto na kulia. Upepo unahama na hanesi inabaki ilipo. Ndiyo habari yote. Ni kipande cha kamba kisichofika hata urefu wa mkono.

Leo kampuni kadhaa zinauza pau zenye kamba tayari, na bei yake kwa kijana wa Paje ni mshahara wa muda mrefu. Ndiyo maana nyundo, spana na jiwe.

* * *

Msimamizi wangu wa tasnifu alikuwa ameniuliza swali moja kabla sijaondoka: ushahidi wako uko wapi? Nilidhani jibu liko kwenye hataza. Hataza zina tarehe, majina na michoro, na mwanahistoria akipewa tarehe na jina hulala usingizi mzuri. Lakini kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyoona kwamba hati hizo zinaanza kuhesabu pale ambapo mikono ya watu ilikuwa imekwisha kufanya kazi.

Chukua habari ya kuning'iniza mwili kwenye upepo. Mwaka 1938, katika mashindano ya Prince of Wales Cup huko Uingereza, Peter Scott na John Winter walifunga kamba juu ya mlingoti wa mashua yao ndogo, mmoja wao akavaa mkanda uliounganishwa na kamba hiyo, akasimama nje kabisa ya mashua, miguu ukingoni, mwili juu ya maji. Uzito wake uliizuia mashua isilale. Walishinda. Wakuu wa mchezo wakakipiga marufuku kifaa hicho. Scott huyo ndiye yule mchoraji na mpenzi wa ndege ambaye mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa WWF. Kifaa chake, ambacho Waingereza walikiita jina la bembea ya sarakasi, kiliruhusiwa baadaye kwenye mashua nyingi. Mpaka leo Wajerumani na Waholanzi wanaiita hanesi ya kishada kwa jina hilo hilo la bembea.

Au chukua ubao wenye tanga. Mwaka 1968 Hoyle Schweitzer na Jim Drake wa California waliomba hataza ya ubao wenye mlingoti unaoinama pande zote. Kwa miaka mingi aliyetaka kutengeneza ubao wa namna hiyo alipaswa kupitia kwao. Kisha kesi ikafika Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, na majaji waliamua kwamba hataza hiyo haisimami. Sababu mojawapo ilikuwa kijana aliyeitwa Peter Chilvers. Mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 12, Chilvers alijitengenezea ubao wenye tanga akauchezea majini huko Hayling Island, kusini mwa Uingereza. Hakuandika kitu, hakuomba kitu. Alikuwa mtoto anayecheza. Tena Mmarekani Newman Darby alikuwa amekwisha kuchapisha makala kuhusu ubao wake wenye tanga katika jarida la Popular Science mwaka 1965. Majaji walipoyaweka mambo hayo mezani, karatasi yenye mihuri ilishindwa na mchezo wa mtoto.

Nilipoisoma hukumu hiyo usiku, hosteli, nilicheka peke yangu. Halafu nikajiuliza: je, asingetokea mtu wa kuithibitishia mahakama kwamba alimwona yule mtoto?

Hanesi yenyewe ilikuja kwenye ubao wenye tanga katika miaka ya 1970, na mahali panapotajwa zaidi ni Kailua, kisiwa cha Oahu, Hawaii. Pale palikuwa na kundi la marafiki, Larry Stanley na Pat Love wakiwemo, waliokuwa wakiruka mawimbi wakiwa na mbao zao na kuanguka vibaya. Walijaribu hiki na kile: mikanda ya kushikilia miguu kwenye ubao, mikanda ya kushikilia mwili kwenye tanga. Profesa Eric von Hippel wa MIT, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu uvumbuzi, aliwatumia watu wa namna hii kama mfano. Hoja yake ni nyepesi: vitu vingi tunavyodhani vimebuniwa na viwanda vilibuniwa kwanza na watumiaji waliokuwa na shida, na kiwanda kikaja baadaye. Katika kitabu hicho hicho ametaja pia wachezaji wa vishada waliokuwa wakigawana michoro yao bure.

Kuna jambo moja la Kailua ambalo sikuliona kwenye kitabu, nimeliona kwa binamu yangu. Kwenye ubao wenye tanga, kamba iko kwenye tanga na kulabu iko kifuani au kiunoni mwa mtu. Vishada vilipokuja, mpango huo ulirithiwa kama ulivyo: kitanzi upande wa upepo, chuma upande wa mtu. Anayefungua kulabu na kufunga kamba anaugeuza urithi huo. Kamba inahamia mwilini.

* * *

Vishada kuvuta watu si jambo la juzi. Mwaka 1826 George Pocock, mwalimu wa shule wa Bristol, alipata hataza ya gari lililovutwa na vishada. Inasimuliwa kwamba halikulipishwa ushuru wa barabara kwa sababu ushuru ulihesabiwa kwa wanyama wanaovuta, na lake halikuwa na mnyama. Pocock alimrusha hata binti yake, Martha, angani akiwa kwenye kiti kilichofungwa kishada. Martha alishuka salama, akakua, akawa mama wa W. G. Grace, mchezaji maarufu wa kriketi. Mwaka 1903 Samuel Cody alivuka mlango wa bahari kutoka Calais hadi Dover katika mashua iliyovutwa na kishada.

Kilichowashinda hao ni maji. Kishada kikianguka baharini kinalowa, kinalala, na hakiamki. Ndugu wawili wa Bretagne nchini Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hataza mwaka 1984 ya kishada chenye mishipa ya kujazwa hewa. Kikianguka, kinaelea, na upepo unaweza kukiinua tena. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla dunia kuwasikiliza. Mwisho wa miaka ya 1990 watu kama Manu Bertin na Laird Hamilton walikuwa wamekwisha kuonyesha huko Maui kinachowezekana, na vishada vya Legaignoux, kwa jina la Wipika, vilikuwa vikiuzwa.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya hatari. Mtu alijifunga kwenye kishada bila njia ya haraka ya kujifungua. Upepo ukibadilika ghafla, aliburuzwa kwenye mawe, magari au kuta, na wapo waliokufa. Kutokana na vifo hivyo yakaja mafunguo ya dharura: unasukuma kipande kimoja kwa mkono mmoja, kitanzi kinafunguka, kishada kinapoteza nguvu na kubaki kwenye uzi mmoja tu wa usalama. Mwaka 2020 ISO ilitoa kiwango cha kimataifa, namba 21853, kinachohusu mafunguo hayo. Ukikisoma kimyakimya, ni historia ya vifo iliyoandikwa kwa lugha ya vipimo.

Kwa hiyo kila kitu katika mchezo huu kinajibu maswali mawili yanayopingana: nitashikaje, na nitaachiaje? Kulabu inajibu la pili kwa wepesi, maana mzoefu anaweza kuchopoa kitanzi kwenye kulabu kwa kutikisa mkono. Kamba inajibu la kwanza vizuri zaidi, ila haichopoki. Kitanzi kikishapita kwenye kamba, kutoka ni kwa funguo la dharura peke yake.

* * *

Kamba ya kwanza ya binamu yangu ilikuwa ya mwani.

Lazima nieleze na hili, maana bila hilo kisa hakisimami. Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, hapa hapa Paje na Jambiani, baada ya utafiti wa miaka mingi ulioongozwa na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakulima wengi ni wanawake. Maji yakipwa wakati wa bamvua wanaingia ndani ya mwamba, wanagongomea vigingi mchangani, wananyoosha kamba kati ya vigingi viwili, na kila shina la mwani linafungwa kwenye kamba kwa kikamba kidogo ambacho wenyewe wanakiita taitai. Ukihesabu mafundo anayofunga mwanamke mmoja kwa msimu mmoja utachoka kabla yake. Shangazi yangu, mama yake binamu, amefanya kazi hiyo tangu kabla mimi sijazaliwa. Bahari imekuwa ikipata joto, ile aina ya mwani yenye bei nzuri inakufa, na bado anaingia majini.

Kilichofanya Paje ipendwe na mwani ndicho kilichofanya ipendwe na wageni wa vishada: mwamba unavunja mawimbi mbali, maji ya ndani ni mafupi na tulivu, na upepo wa kaskazi na wa kusi unakuja kwa ratiba. Watu wawili tofauti walitazama mahali pamoja wakaona kitu kilekile. Tangu hapo wanagombea nafasi kwa upole. Mkulima anaogopa nyuzi za kishada zisimkate, mchezaji anaogopa vigingi visimchome mguu.

Binamu alikata kipande cha kamba ya zamani ya mwani, akakifunga mara mbili kwenye upau, akavuta kwa nguvu zake zote, akaridhika. Uzi wa usalama, ule unaokishika kishada ukishajifungua, akaufunga kwenye kamba ile ile, kwa sababu pale palikuwa karibu. Kamba ya plastiki iliyokaa juani na kwenye chumvi miaka miwili ina nguvu machoni tu, na kitanzi kilikuwa kinaisaga kila alipogeuka. Siku ya tatu ilikatika. Uzi wa usalama ulikuwa kwenye kamba hiyo, basi vyote viliondoka pamoja. Kishada, fimbo na nyuzi vikaenda zao juu ya maji, vikaangukia kwenye mistari ya mwani ya jirani yetu, na upepo ukavivuta kutoka kigingi hadi kigingi.

Hakuna aliyeumia. Lakini maji yalipopwa tulikwenda kuona, na mistari ilikuwa imelala kama nguo zilizoanguka kwenye kamba. Jirani, bibi wa makamo, hakupiga kelele. Alisema tu, "Haya, mwanangu. Mwani wangu umepata mchezo."

Shangazi ndiye aliyesema zaidi. Tulimwamkia, akaitikia marahaba bila kututazama. Alikiokota kipande cha kamba kilichobaki kwenye upau, akakipitisha kati ya vidole.

"Hii umeitoa kwenye banda langu."

"Ndiyo, mama."

"Kamba ya mwani imewekwa ishike mwani. Mwani hauna haraka. Wewe unavutwa na nini?"

"Upepo."

"Basi tafuta kamba ya upepo. Na hilo fundo, nani kakufundisha?"

Binamu alinyamaza. Shangazi alilifungua fundo lile kwa kucha, bila shida, kisha akatukabidhi nyundo. Tulifanya kazi ya kugongomea vigingi vya jirani kwa bamvua nzima.

* * *

Nilikuwa nimemsahau msimamizi wangu siku hizo. Nikamkumbuka nikiwa nimepiga magoti majini, nikifunga taitai kwa vidole vilivyokunjamana.

Pwani hii ina historia ndefu ya kuchagua kamba dhidi ya chuma. Mwandishi Mgiriki wa Periplus, katika karne ya kwanza, alitaja bandari ya Rhapta, na jina hilo linatokana na mashua zilizoshonwa. Mtepe, jahazi la watu wa pwani, lilishonwa kwa kamba za usumba, bila msumari. Mbao zilizoshonwa hunyumbulika: jahazi likigusa mchanga linalegea kidogo na kurudi, pale ambapo msumari ungepasua ubao. Kamba nazo zilihitaji makumbi kufukiwa ufukweni kwa miezi, kupondwa na kusokotwa, na hapa kwetu kazi hiyo imekuwa ya wanawake. Nikiwa mwanafunzi wa msingi nilipelekwa Beit al-Ajaib kuona mtepe uliojengwa upya. Mwalimu alituonyesha mbao. Hakuna aliyetuuliza nani alisokota zile kamba. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka, na mimi nilichokikumbuka kwanza niliposikia ni ile mishono.

Sisemi kwamba kitanzi cha binamu yangu kimetokana na mtepe. Hakuna uzi wa moja kwa moja kati ya vitu hivi viwili, na mwanahistoria anayefunga fundo pasipo na kamba anajidanganya. Ninachosema ni kwamba swali lao ni moja. Pale nguvu inapohama, chuma kinabisha na kamba inafuata. Aliyejua hilo katika mtepe hakuandikwa, na aliyejua hilo katika mwani haandikwi hata sasa, ingawa yupo hai, na nyumba yake naijua.

Kamba ya pili ilitokana na nyuzi za kishada kilichochanika. Nyuzi hizo ni za aina ya plastiki ambayo Wapaulo wangu wa hataza walinifundisha vizuri: Paul Smith na Piet Lemstra, wa kampuni ya DSM ya Uholanzi, waliombea hataza mwaka 1979 njia ya kuisokota, na tangu 1990 imeuzwa kwa jina la Dyneema. Kwa uzito ule ule inashinda chuma mara nyingi. Ubaya wake ni utelezi: fundo la kawaida linafunguka polepole lenyewe, na fundo lolote linaipunguzia nguvu. Binamu alisuka nyuzi kadhaa pamoja, akazivisha mpira wa bomba ili zisisagike. Kwenye ncha ndipo alipokwama.

Alimpelekea mama yake. Shangazi aliinusa kwanza, sijui kwa nini. Akaitelezesha kiganjani, akatikisa kichwa. "Hii haitaki fundo," alisema. "Hii itakutoroka. Irudishe ndani yake yenyewe." Akamwonyesha kwenye kipande cha usumba jinsi ya kuifungua kamba, kuipitisha ncha katikati ya tumbo la kamba, na kuirudisha tena na tena mpaka inajibana kila inapovutwa. Baadaye niliangalia: ndivyo watengenezaji wa kamba hizo wanavyoshauri. 

Safari hii uzi wa usalama ulifungwa kwenye pete ya hanesi yenyewe, mbali na kamba. Kila jioni binamu anaikunja kamba na kuitazama chini ya taa. Ikianza kutoa manyoya, anaikata. Hana mjadala na hilo.

Nilirudi chuoni na kurasa chache na picha moja ya mikono. Msimamizi aliitazama, akauliza hii ni hati ya namna gani. Nilimwambia ni ushahidi wa aliyemwona mtoto akicheza. Hakuelewa, na sikumlaumu, maana sikuwa nimemsimulia habari ya Chilvers. Nikavuta kiti nikaanza mwanzo, na kulabu iliyokunjika.